Bamba la chuma mlangoni: kulichagua, kulipima na kulifunga panapohitajika

Nilipofungua bamba la mlango wa uani kwetu Tanga, skrubu hazikuhitaji bisibisi. Zilitoka kwa vidole, na mbao ikazifuata kama chicha za nazi. Bamba lenyewe lilikuwa zima, linang'aa, unaweza kujiangalia usoni. Nyuma yake masika mbili zilikuwa zimekaa kimya zikila mlango.

Fundi aliyelifunga alikuwa amepaka silikoni pande zote nne, akapiga kofi juu yake, akaniambia, "Bosi, hapa maji hayaingii tena." Kweli, hayakuingia kwa wingi. Yaliingia tone tone kupitia matundu ya skrubu, na kwa kuwa chini pamezibwa hayakuwa na pa kutokea. Kabla ya hapo mlango ulikuwa unalowa na kukauka. Baada ya bamba ukawa unalowa tu.

Tangu siku hiyo nimefunga mabamba kadhaa, ya kwangu na ya majirani, na nimeona kosa moja likijirudia kwa sura tofauti: chuma kinawekwa panapoonekana, si panapohitajika. Mtu anaogopa wezi, ananunua bamba kubwa la kupendeza analibandika chini ya mlango, na ule ulimi wa kitasa umeshikwa kwenye fremu na skrubu mbili za nusu inchi. Kwa hiyo kabla ya duka la vifaa, tuanze na mlango wenyewe.

Mlango wako unaumizwa na nini?

Chutama uutazame mlango kwa dakika tano. Alama zake zitakuambia.

Rangi imevimba na kubanduka sentimita kumi hadi ishirini za chini? Hayo ni maji: ya kudeki, ya mvua inayopiga, au ya bomba la nje. Dawa ni bamba la chini upande unaolowa, lenye kimo cha sentimita 20 hadi 30. Kwa kazi hii wembamba si tatizo. Tatizo ni kutu.

Kuna mikwaruzo na weusi wa viatu, ndoo, baiskeli ya mtoto, au mlango wa stoo unasukumwa kwa mguu kwa sababu mikono imebeba? Bamba ni hilo hilo la chini, lakini liwe nene kiasi cha kutobonyea, na likae upande wa kusukumia.

Kona ya chini imetafunwa? Panya. Hapa kuna vipimo vya kuzingatia. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye mwanya wa milimita 6, na yule mkubwa anahitaji kama milimita 12 tu. Bamba la kumzuia lipande sentimita 30 kutoka chini, lifike hadi kingo zote mbili kadiri fremu inavyoruhusu, na mwanya wa chini ubaki usiozidi milimita 5. Ukiacha sentimita tatu za mbao wazi pembeni umempa pa kuanzia. Stoo ya mahindi au mchele iwekwe bamba pande zote mbili, maana panya aliyefungiwa ndani hutafuna kutokea ndani.

Fremu imepasuka karibu na kitasa, au mlango umewahi kupigwa teke? Bamba la chini halikusaidii kitu. Unahitaji chuma kwenye fremu, na pengine bamba la kukumbatia ukingo wa mlango pale kitasa kilipo. Sehemu hiyo nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayorukwa.

Mlango mmoja unaweza kuwa na maradhi mawili. Wa kwetu wa uani ulikuwa na maji na panya. Wa mbele una wasiwasi wa mwizi tu, kwa kuwa una baraza pana na mvua haiufikii.

Aina ya mlango, maana skrubu haishiki hewa

Gonga mlango katikati kwa kifundo cha kidole. Mbao nzima, iwe mninga, mkongo au mtiki, inatoa sauti nzito, fupi. Mlango wa plaiwudi wa kupiga fremu, ule wa bei nafuu unaowekwa vyumbani, unalia kama debe. Ndani yake mna vijiti pembezoni na katikati mna karatasi za kukunjwa au uwazi mtupu. Skrubu ukiifunga katikati inazunguka tu. Mlango wa namna hiyo una mbao ya kushika chini na pembeni pekee, mara nyingi upana wa sentimita tatu au nne, kwa hiyo skrubu zifuate ukingo na sehemu ya katikati ishikwe kwa gundi.

Mbao ngumu ina adabu yake pia. Mtiki na mvule, kwa mfano, zina tanini, na tanini ikikutana na chuma cha kawaida na maji hutoa weusi kama wino unaotiririka chini ya kila skrubu. Rangi haiuondoi, unaupakia rangi leo na kesho umerudi. Kwenye mbao hizo tumia skrubu za stenlesi au za shaba, na kama bamba lenyewe ni la aluminiamu, za stenlesi tu.

Kuchagua chuma

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, utaonyeshwa vitu vinne vinavyofanana ukiwa mbali.

Aluminiamu ni nyepesi, inakatika kwa urahisi, haiotwi na kutu nyekundu. Inabonyea. Kwa maji ya kudeki inatosha kabisa ikiwa na unene wa milimita 1 hadi 1.5. Ile yenye vinundu, ya ngazi za magari, inaficha mikwaruzo lakini pia inahifadhi uchafu, na jikoni utasugua kwa mswaki. Aluminiamu isifungwe kwa skrubu za chuma cha kawaida sehemu zenye unyevu. Metali mbili tofauti zikilowa pamoja, moja huliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka vichwa vya skrubu.

Chuma cheusi cha kawaida ni cha bei ndogo na kigumu, na fundi yeyote wa kuchomelea anacho. Kitaota kutu. Ukikitumia, paka rangi ya kuzuia kutu mbele, nyuma na hasa kwenye kingo na ndani ya matundu, ikauke, kisha rangi ya mafuta. Watu hupaka mbele peke yake kwa kuwa nyuma hakuonekani, na kutu huanzia huko huko.

Bati la mabati, lililopakwa zinki, ni zuri kwa panya na stoo. Ukingo wake uliokatwa hauna zinki ya kutosha na ni mkali kama wembe, kwa hiyo likunjwe sentimita moja pembezoni. Bati jembamba la kuezekea halifai kwa mlango unaosukumwa na watu.

Stenlesi ndiyo wengi wanaitaka, na ndiyo ina udanganyifu mwingi. Daraja la 304 lina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na linafaa nyumba nyingi za bara. Daraja la 316 limeongezwa molibdenamu na linastahimili chumvi zaidi. Ukikaa Pwani unasikia mawimbi kitandani, basi tofauti hiyo utaiona. Daraja la 201 lina nikeli kidogo, linang'aa sana dukani, na karibu na bahari linaanza vidoadoa vya rangi ya chai mapema. Kuna na 430, ambalo lina kromiamu bila nikeli.

Wauzaji wanapenda kukutolea sumaku: "Ona, haishiki, ni orijino." Sumaku inakutenga na 430 na chuma cha kawaida tu. Daraja la 201 nalo halishiki sumaku. Na 304 halisi inaweza kushika kidogo kwenye kona ilipokunjwa. Kwa hiyo sumaku ni ushahidi nusu. Uliza daraja, uandikiwe kwenye risiti.

Kuhusu unene, geji 18 ni takriban milimita 1.2 na ndiyo ninayoipendekeza kwa bamba la chini la nyumbani. Geji 20 ni milimita 0.9, inatosha kwa chumbani. Geji 16 ni milimita 1.5, ya mlango wa duka au wa stoo unaopigwa na mikokoteni. Huna kipimo cha kupimia unene? Tumia mizani ya duka. Bamba la stenlesi la sentimita 85 kwa 30 lenye milimita 1.2 lina uzito wa kilo 2.4 hivi. Likiwa kilo 1.8, umepewa milimita 0.9. Likiwa kilo 1.4, umepewa milimita 0.7 na umelipia geji 18. Nilifanya hivi mara moja mbele ya muuzaji, akakumbuka ghafla kwamba kuna shiti nyingine nyuma.

Na ukiwa na majirani wenye shida kama yako, changeni. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa mabamba 10 ya ukubwa huo: manane yakikatwa kwa safu, na mawili kutoka kwenye utepe wa sentimita 37 unaobaki pembeni.

Kupima: mkato wa fremu ndio mtego

Milango mingi ya mbele kwetu ni sentimita 90 kwa 210, ya vyumbani 80, ya choo 70. Usiamini, pima. Pima upana chini kabisa, na sentimita 30 juu yake, maana mlango wa fundi wa mtaani mara nyingi si pembe mraba.

Sasa simama nje ya mlango unaofungukia ndani, uufunge. Utaona fremu imekatwa hatua, na mlango unakuja kuegemea hatua hiyo. Upande wa nje, kama sentimita 1.2 za mlango kila ubavu zimefichwa nyuma ya mkato huo. Bamba likiwa upana wa mlango mzima litagonga mkato na mlango hautafunga. Bamba langu la kwanza kabisa nililipima mlango ukiwa wazi: sentimita 90 kamili. Nikalifunga kwa furaha, nikausukuma mlango, ukasimama kidole kimoja kabla ya fremu. Nililala usiku ule nimeegemeza kochi.

Kanuni ninayotumia: upande unaoegemea mkato, toa sentimita 5 kwenye upana wa mlango, yaani 2.5 kila ubavu. Kama ni vita vya panya na unataka kufika ukingoni zaidi, pima mwanga wa fremu, yaani upana wa mlango unaoonekana kati ya mkato na mkato, mlango ukiwa umefungwa, utoe milimita 3 kila upande. Upande wa pili, ule wa kuvutia, toa sentimita 2 tu, zinazotosha kukwepa kiungo cha bawaba ya chini. Hapo mlango wa 90 unapata bamba la 85 nje na 88 ndani.

Kimo: kutoka milimita 3 hadi 5 juu ya ukingo wa chini wa mlango. Bamba lisishuke sawa na mbao, litakwaruza sakafu siku mbao itakapovimba. Na itavimba. Ukipima kiangazi, acha nafasi ya masika. Angalia pia kama kuna ubao wa mapambo ulioinuka chini ya mlango. Bamba linahitaji kukaa juu ya ubapa, si juu ya mchongo. Milango ya paneli mara nyingi ina ubao bapa wa chini wa sentimita 20 au zaidi, na hapo kimo cha bamba kinaamuliwa na ubao huo, si na unachotaka wewe.

Kukata na kutoboa

Ukiweza, mwachie fundi mwenye mashine ya kukatia shiti. Kingo zitatoka zimenyooka. Ukikata kwa grenda, tumia disi nyembamba ya milimita 1, na kwa stenlesi hakikisha disi haijakatia chuma cheusi kabla. Cheche za chuma cheusi zikitua kwenye stenlesi zinajichimbia, na baada ya wiki mbili bamba lako "lisiloota kutu" lina madoa mekundu. Vaa miwani. Si ile ya jua.

Kona ziviringishwe kidogo kwa tupa. Kisha pitisha msasa kwenye kingo zote mpaka kitambaa cha pamba kipite bila kunasa. Mtoto anayetambaa yuko kwenye kimo hicho hicho cha bamba.

Chora mstari sentimita 1.2 kutoka ukingoni. Weka alama kila baada ya sentimita 15 hadi 20, na kila kona ipate yake. Gonga kila alama na msumari wa zege ili biti isiteleze. Kwa skrubu nene ya milimita 4, toboa kwa biti ya 4.5. Stenlesi inatobolewa polepole, kwa mgandamizo usiolegea, na tone la mafuta. Ukiacha biti izunguke kwa kasi bila kukata, stenlesi inajigumisha pale pale na hutatoboa tena bila biti mpya. Weka kipande cha mbao chini yake, na ulibane bamba mezani: bamba likinaswa na biti linazunguka kama panga boi, na mkono wako upo karibu.

Nailoni ya juu, ile inayokuja imebandikwa kwenye shiti kuzuia mikwaruzo, usiitoe bado. Bandua ukingo wake tu, sentimita mbili hivi, ili isibaki chini ya vichwa vya skrubu.

Kuutayarisha mlango

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mara ya kwanza. Choma mbao ya chini kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, kuna uozo. Uozo unakatwa mpaka ufike mbao ngumu, si kuzibwa. Sehemu ndogo unaijaza kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Ikiwa ni kona nzima, mwite seremala apandikize kipande. Kama kuna mifereji ya mchwa, weka dawa na usubiri, na utafute njia yao ukutani, kwa sababu mlango huwa ni kituo tu, nyumbani kwao ni kwingine.

Kausha. Baada ya mvua, mlango unahitaji siku kadhaa za jua. Nikiwa na shaka nafunga kipande cha nailoni juu ya mbao kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote, naacha usiku kucha. Asubuhi kukiwa na umande ndani ya nailoni, bado.

Kisha ung'oe mlango kwenye bawaba kama unaweza, na upake rangi au vanishi kwenye ukingo wa chini kabisa, ule unaotazama sakafu. Nimeng'oa milango mingi sasa, na karibu yote ukingo huo ulikuwa mbao tupu. Mbao hunywa maji kwa upande wa nyuzi zilizokatwa kuliko upande mwingine wowote, na ncha za mihimili ya mlango ziko hapo hapo chini. Rangi mbili za mafuta kwenye ukingo huo zinalinda mlango kuliko bamba lenyewe, nasema hivi nikiwa mtu wa mabamba.

Kulifunga bamba la chini

1. Inua bamba kwa vipande vya kadi nene mpaka likae milimita 4 juu ya ukingo wa chini wa mlango, ulinganishe kushoto na kulia, ulibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi.
2. Funga mlango na kuufungua mara tatu kabla ya skrubu yoyote. Usikie kama linagusa.
3. Toboa mbao kupitia matundu mawili ya juu ya pembeni. Biti ya milimita 2.5 kwa mbao laini, 3 kwa mninga na wenzake. Skrubu za inchi robo tatu zinatosha. Kwenye mlango mwembamba hakikisha hazitokezi upande wa pili.
4. Zisugue skrubu kwenye mshumaa. Wengine hutumia sabuni, lakini sabuni inavuta unyevu na kuilisha kutu.
5. Funga hizo mbili nusu, jaribu mlango tena, kisha matundu mengine kuanzia katikati kwenda pembeni ili bamba lisibinuke.
6. Kaza kwa mkono mzunguko wa mwisho. Mashine inabonyeza bamba au inachanganya uzi wa mbao.
7. Pitisha silikoni ukingo wa juu na pembeni. Chini acha wazi.

Kwa mlango wa plaiwudi, kabla ya hatua ya tatu kwaruza nyuma ya bamba na rangi ya mlango kwa msasa, paka gundi ya mafundi wa sofa pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isishike kidole, kisha ligusishe. Likishagusa halisogei, kwa hiyo weka vijiti viwili vyembamba katikati, uvivute mmoja mmoja ukiwa na uhakika wa mahali.

Nailoni itoe siku hiyo hiyo. Ikikaa juani miezi inaungana na chuma na utaikwangua kwa kucha.

Chuma kwenye fremu, pale mwizi anapopiga

Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa hakivunjiki. Kinachopasuka ni mwimo wa fremu kuzunguka tundu la ulimi. Kile kibamba kidogo kilichokuja kwenye boksi la kitasa kimeshikwa na skrubu mbili fupi, zinazoshika mbao nyembamba iliyobaki baada ya tundu kuchimbwa. Ukikitoa leo utashangaa.

Kabla ya yote, sukuma fremu yenyewe. Ikicheza ukutani, hakuna bamba litakalokusaidia. Mafundi wengi huipachika kwa misumari iliyopigwa nyuma na kuikandika, na udongo ukikauka kunabaki uwazi. Gonga usikie. Palipo wazi, toboa plasta, jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, uukandamize kwa kijiti, uache siku kadhaa ukiumwagilia.

Halafu nenda kwa fundi wa kuchomelea, umwambie akukatie chuma bapa, kile wanachoita flati ba, upana wa inchi moja na nusu, unene wa milimita 3, urefu wa sentimita 30 hadi 40. Atoboe matundu sita, yasipangwe mstari mmoja bali yapishane kushoto na kulia, ili yasipasue mbao kwenye uzi mmoja. Matundu yawe na mdomo wa kuzamisha kichwa cha skrubu. Tundu la ulimi usimwachie abuni. Paka mkaa au wanja kwenye ncha ya ulimi, funga mlango, zungusha ufunguo uguse fremu, na alama utakayopata ndiyo ya kumpelekea.

Chimba fremu kwa patasi kina cha milimita 3, ili chuma kilale sawa na mbao. Kikitokeza, mlango utakigonga. Tundu la ulimi lichimbwe mpaka ulimi utoke wote. Ulimi unaoingia nusu ni sawa na mlango usiofungwa, na nimeukuta kwenye nyumba mbili za majirani: fundi alichoka kuchimba.

Skrubu za hapa si za robo tatu. Fremu ya kawaida ina unene wa inchi mbili, kwa hiyo ili kufika ukutani unahitaji milimita 100 hadi 120. Toboa mbao, kisha ubadilishe biti ya ukuta utoboe tofali, uingize plagi ya plastiki kupitia tundu, na ukaze. Skrubu mbili za juu na mbili za chini zifike ukutani. Zile za katikati, karibu na ulimi, ziwe za inchi mbili tu. Ukikaza sana fremu inavutwa kuelekea ukutani na mwanya unapanuka, hivyo chunguza: kati ya mlango na fremu pawe na milimita 3 hivi, sawa juu na chini.

Upande wa bawaba, badilisha skrubu moja katika kila bawaba iwe ndefu vivyo hivyo.

Kama mbao ya mlango wenyewe imepasuka pale kitasa kilipo, ndipo lile bamba la kukumbatia linafaa: chuma kilichokunjwa kama herufi U, kinachovaa ukingo wa mlango na kufunika pande zote mbili. Linunuliwe kwa vipimo viwili: unene wa mlango, na umbali kutoka ukingoni mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Kimoja kikikosewa, ufunguo hauingii.

Mlango unaofungukia nje una udhaifu mwingine: mwanya wa ulimi unaonekana kwa nje na mtu anaweza kuchokonoa. Hapo bamba refu linafungwa kwenye mlango, upande wa nje, likiruka mwanya na kufunika fremu. Bolti zake ziwe za kichwa cha mviringo nje, nati ndani. Wazee wa Mji Mkongwe wa Unguja walilijua jambo hili kwa mbao: mfaa, ule mwimo wa katikati wa mlango wa vipande viwili, hufunika mwanya wote kutoka juu hadi chini. Njumu za shaba zinazopigwa picha na wageni ni urembo, mfaa ndio mlinzi.

Na kwa geti la nondo mbele ya mlango, bamba lake ni mawili: kipande cha shiti kilichochomelewa kuzunguka komeo, kipana kiasi kwamba mkono uliopitishwa kati ya nondo haulifikii, na kiboksi kinachofunika kufuli ili mkasi wa kukatia chuma usipate pa kung'ata. Kabla hajachomelea, shika kufuli lako na ufunguo, ujaribu kulifungua ndani ya kiboksi, ukiwa nje na ukiwa ndani, gizani. Ufunguo wa ndani uwe na mahali pake ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, asipopafikia mtu wa nje. Usiku wa moto hakuna anayetafuta ufunguo kwenye mkoba.

Mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa fremu. Nimeona mtu akikatwa hela ya amana kwa matundu sita.

Baadaye

Stenlesi ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe kwa kitambaa. Klorini ya kufulia inaila, na steeli waya inaacha vijichembe vya chuma vinavyoota kutu juu yake. Pwani, ifute chumvi kila wiki. Kila masika ikiisha, fungua skrubu moja ya kona ya chini, utazame uzi wake. Ukiwa mkavu na unang'aa, irudishe. Ukiwa na unyevu au chembe nyeusi za mbao, toa bamba zima, uegemeze mlango juani, uanze tena kwenye ile hatua ya bisibisi.

Ule mlango wetu wa uani sasa una kipande cha mninga kilichopandikizwa chini, bamba la aluminiamu nje na bati ndani kwa ajili ya panya. Juzi nimefungua skrubu ya kona. Ilinibidi nitumie bisibisi kubwa.